Filamu za nyuma ya pazia za meli kubwa za watalii: nani mwingine hapa Mombasa anazifuatilia?

fundi_friji_Likoni

Assalaam aleikum wadau, na wengine habari za jioni. Mi ni fundi wa friji na eisii, karakana iko Likoni lakini kazi nyingi napata ng'ambo, kwa hivo feri ndo njia yangu kila siku. Sasa msimu wa kaskazi uliopita jioni moja narudi nyumbani, feri ikazuiliwa, tukaambiwa kuna meli inatoka. Ikapita mbele yetu meli ya watalii, nyeupe pee, ndefu mpaka unadhani haiishi, huko juu watu wamejaa kwenye roshani wanapunga mikono, muziki unalia, na wenzangu ferini kila mtu ametoa simu anapiga picha. Mi macho yangu yakashuka chini. Chini kabisa, karibu na maji, palikuwa na mlango mdogo kwenye ubavu wa meli uko wazi, na mlangoni kasimama mtu na ovaroli ya bluu na kofia ngumu, ameshika chuma kwa mkono mmoja anatuangalia. Hakupunga. Alituangalia tu mpaka meli ikampitisha.

Wallahi yule mtu hajanitoka kichwani. Nikaanza kutafuta filamu za kuonyesha vile hizi meli zinavofanya kazi, nikitoka kazini nikila nikisali naingia YouTube mpaka saa saba za usiku, bando likiisha nanunua lingine. Nimeshaangalia nyingi sana na nimejifunza mengi sikatai, lakini nimeanza kuona zinafanana. Kepteni anaamka anakunywa kahawa, chifu wa jikoni anahesabiwa mayai na nyama kwa tani, forklifti zinakimbia gatini maana abiria wapya wanaingia saa saba mchana, kidogo kuna kitu kimeharibika tunatiwa wasiwasi, alafu kimetengenezwa meli inaondoka jua linatua. Injini wanakuonyesha dakika mbili, mtu amevaa vizibo vya masikio anapiga kelele husikii anasema nini, basi tumerudi jikoni tena.

Mi nataka kujua yule wa mlangoni alikuwa nani na anafanya nini. Na kama fundi nataka kujua meli ya watu elfu tano inapozwaje kwenye bahari ya joto kama hii yetu, maana mi jengo la gorofa nne tu linanitoa jasho. Kuna filamu za aina gani zinazoingia ndani kikweli? Na wale mliofanya kazi huko, zile za kwenye runinga ni za kweli ama tunapambiwa?

nyali_beach_kid

Nami naufuatilia huu uzi, mamangu tunaangalia naye hizo filamu kila Ijumaa na yeye swali lake ni moja tu, hayo mashuka yanaanikwa wapi 🙏

mtoto_wa_Majengo

Waaleikum salaam fundi. Mwambie mama hayaanikwi popote, na mi nitamwambia vizuri kwa sababu nimefanya londri kontrakti tatu, miezi tisa tisa.

Londri iko chini, kwa meli niliyokuwa mimi iko chini ya maji yaani ukigonga ukuta ng'ambo yake ni bahari. Hakuna dirisha. Mashuka yanatoka kwenye mashini za kufua yamekamuliwa, yanaingia kwenye mashini ndefu ya kupiga pasi ina marola ya moto, watu wawili mnalisha upande huu mmeshika ncha huku na huku mnalinyoosha sawa sawa, likitokea upande wa pili limekauka na limenyooka na liko moto kama chapati imetoka sasa hivi kwenye chuma. Mnalipokea linakunjwa, lingine hilo linakuja. Hivo kutwa. Siku ya kubadilisha abiria vitanda vyote vya meli vinavuliwa asubuhi na vinatandikwa upya kabla ya saa saba, sasa piga hesabu mwenyewe. Mi baada ya miezi minne ncha za vidole zililainika mpaka simu ikawa hainitambui kwa kidole, naandika namba. Hilo sijaliona kwenye filamu yoyote.

Kuhusu kupambiwa, mayai ni ya kweli, tani ni za kweli, mbio za gatini ni za kweli. Uongo sijaona. Ila wanakuonyesha vitu na hawakuonyeshi njia. Meli nyingi zina korido moja pana chini, imetoka omo, yaani mbele, mpaka tezi, yaani nyuma, wafanyakazi wenyewe wanaiita I-95, ni jina la barabara kuu ya Marekani ile ya kutoka Florida mpaka Maine. Ile korido ndo meli yenyewe. Hapo utaona mfilipino anavuta paleti ya viazi, muindonesia anakimbia na troli la mashuka, mhindi anatafuta kebini yake macho bado yana usingizi, kwenye ukuta kuna karatasi za zamu, picha za mlo wa leo wa messi, pale wafanyakazi wanapokula, tangazo la drili, yaani mazoezi ya dharura. Abiria anatembea kwenye zulia juu na hajui kwamba gorofa kadhaa chini yake kuna barabara. Filamu ikikaa kwenye hiyo korido hata robo saa bila kuhama, hiyo iangalie mpaka mwisho.

Alafu kitu wanachokiruka kabisa ni kwamba kila mtu kule ana kazi mbili. Mi ni wa londri, lakini kengele ikipigwa, mara saba fupi na moja ndefu, mi si wa londri tena, nina ngazi yangu nasimama na fulana ya kung'aa naelekeza abiria kwenye boti za kuokolea. Tunafanya drili mpaka unaota. Tangu meli ya watalii Costa Concordia ilale ubavu kule Italia tarehe 13 Januari 2012 na kuua watu 32, sheria ikabadilishwa, abiria lazima waonyeshwe mambo ya dharura kabla meli haijaondoka ama inapoondoka tu, zamani ilikuwa wanapewa mpaka saa 24 na wale waliopanda jioni ile wengine walikuwa hawajafundishwa kitu. Hilo ni jambo la kuwekwa kwenye filamu kabla ya keki.

Na wewe fundi nikupe moja utafurahi. Yale maji yanayodondoka kwenye eisii, ambayo nyinyi mnayawekea ndoo, kuna meli zinayakusanya yote yanashuka kwa paipu yanakuja kufulia mashuka.

fundi_friji_Likoni

Subhanallah. Hilo la maji ya eisii limenikalisha kitako. Mi nayamwaga kila siku, na ni maji safi yale, hayana chumvi kabisa.

kadeti_wa_injini

Samahanini wakubwa zangu niingilie, mi bado niko masomoni mambo ya injini za meli hapa hapa Mombasa na hizi filamu ndo zilinifanya nisome, kwa hivo sitazisema vibaya sana.

Kaka fundi, eisii ya meli ni ile ile unayoijua wewe, imekuzwa. Kuna chila kubwa kule chini, zinapoza maji, maji baridi yanasukumwa kwa pampu mpaka kwenye mashini za hewa kila sehemu ya meli, na kebini inapata hewa kutoka huko. Joto linalotolewa linapelekwa baharini, kondensa zinapozwa na maji ya chumvi. Sa ndo unaona shida, bahari ikiwa ya joto kama hii yetu mwezi wa tatu, chila inafanya kazi zaidi na stima inaliwa zaidi. Vyumba vya baridi vya chakula ni mambo mengine kabisa, nyama chumba chake, samaki chake, maziwa chake, mboga chake, na kuna chumba cha kuyeyushia nyama polepole maana haruhusiwi mtu kuitoa ikayeyukia mezani.

Na hiyo stima ndo siri ambayo filamu zinaipita mbio. Meli nyingi za watalii za sasa injini haijashikana na rafadha, ile panga inayosukuma meli. Injini za dizeli zinazungusha jenereta, jenereta zinatoa stima, stima ndo inazungusha mota za rafadha na hiyo hiyo inawasha taa, inapika, inapoza, inasukuma lifti. Ni stesheni ya stima iliyowekewa vitanda juu. Meli ya Queen Mary 2 iliyoanza safari 2004, imejengwa Saint-Nazaire Ufaransa, ina injini nne za dizeli chini na tabo mbili za gesi, mashini kama injini za ndege, na hizo tabo haziko chini na wenzake, ziko juu kabisa kwenye mzizi wa bomba la moshi, kwa sababu ni nyepesi na zinataka hewa nyingi sana. Rafadha zake nne ziko kwenye maganda yanayoning'inia nje ya meli, na mota ya stima imo ndani ya ganda lenyewe. Mawili yanazunguka, kwa hivo haina usukani wa bamba nyuma kama jahazi. Mi nilipoiona hiyo mara ya kwanza nilisimamisha vidio nikarudisha mara tatu.

Sasa aina ya filamu. Ushauri wangu tafuta zile za meli ikiwa chelezoni. Pale maji yametolewa, meli iko uchi, utaona rafadha zinafunguliwa, mapezi ya kuzuia meli isiyumbe yanatolewa yanakaguliwa, rangi ya chini inakwanguliwa, na hakuna abiria wa kupendezeshwa kwa hivo mafundi wanaongea kama mafundi. Za ujenzi pia nzuri, ile Icon of the Seas imejengwa Turku kule Finland, mita 365, imeanza kubeba abiria Januari 2024 na inatumia gesi asilia iliyopozwa sana mpaka ikawa kimiminika, kuna picha nyingi za ndani.

Alafu soma ripoti za ajali. Ni kavu lakini ndo filamu ya kweli. Tarehe 23 Machi 2019 meli inaitwa Viking Sky ilizimika injini zote karibu na pwani ya Norwei kwenye dhoruba, watu 1,373 ndani, 479 wakatolewa mmoja mmoja kwa helikopta. Dunia nzima iliona vidio ya meza zinateleza ukumbini. Sababu ilikuwa nini? Oili ya kulainisha injini ilikuwa chini kwenye tangi, meli ikayumba sana, oili ikakimbilia upande mmoja, pampu ikavuta hewa, injini ikajizima yenyewe isife. Kitu ambacho hata fundi wa matatu anakijua, angalia oili kabla ya safari. Waliookoa meli ni watu wa chini, walijaza oili wakawasha injini tena kabla haijakula mwamba. Vidio ya meza tumeiona wote. Ya wale mafundi haipo, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kushika simu.

Ummu_Kibokoni

Nawasalimu wanangu. Mnaongea vizuri na nimefurahi kusoma, lakini na mimi nina langu.

Mdogo wangu yuko kwenye hizo meli mwaka wa sita sasa, jikoni. Nikiangalia hizo filamu natafuta uso wake, sio mashini. Na ninachokiona ni kwamba kila anayehojiwa anacheka. Lazima acheke, aliyefungua mlango kamera ikaingia ni kampuni yenyewe, na mtu wa kampuni kasimama nyuma ya kamera. Silaumu, kwake mtu huonyesha sebule. Lakini mtazamaji ajue.

Mdogo wangu ananiambia kinachomkosesha usingizi sio kepteni wala dhoruba, ni wakaguzi wa afya wa Marekani. Meli ikitia nanga huko wanaweza kuingia bila taarifa, wanapima joto la friji, wanafungua mashini ya barafu wanapitisha kidole, wanatazama mtu anavyonawa mikono. Alama ni kutoka 100, ukipata 85 kushuka umeanguka, na alama inatangazwa kila mtu aione. Kwa hivyo jikoni wanafanya majaribio ya ukaguzi wenyewe kwa wenyewe usiku wa manane. Aliniambia mara moja alisugua chini ya meza moja, miguu ile ya chuma, kwa mswaki wa meno, na akiwa hapo kwa magoti ndo akasikia kwenye simu mtoto wake amezaliwa. Hayo siyaoni kwenye runinga.

Na vijana mnaotamani kwenda kwa sababu ya hizo filamu nawaomba sana msikie hapa. Kabla mdogo wangu hajapata hiyo kazi alitozwa shilingi 80,000 na ajenti mmoja hapa mjini, ati za kumtafutia nafasi, tukauza dhahabu ya marehemu mama. Ajenti akahama ofisi, simu haishikwi. Baadaye ndo tukajua kwamba kuna mkataba wa kimataifa wa mabaharia wa 2006, na Kenya imo, unasema baharia hatozwi ada ya kutafutiwa kazi. Cheti cha daktari utalipa, kitabu cha baharia na pasipoti utalipa, lakini nafasi ya kazi hainunuliwi. Mtu akikwambia lete pesa nikuweke kwenye meli, huyo mwogope. Mkataba huo huo unasema upumzike si chini ya saa 10 katika saa 24, na saa 77 kwa wiki. Yaandike mahali kabla hujapanda.

mtoto_wa_Majengo

Dada Ummu umesema kweli tupu. Hata mimi nilikutana na wa aina hiyo, Mungu akaniepusha.

mzee_wa_tagi

Vijana habari zenu. Nimestaafu, nilikuwa kwenye tagi, zile meli ndogo za kuvuta meli kubwa, hapa bandari ya Kilindini miaka mingi, mjukuu wangu ndiye anayenichapia haya.

Huyu fundi aliuliza yule mtu wa mlangoni ni nani, mkamweleza mashuka na injini, swali lake mkaliacha. Mimi namjua. Si kwa jina, kwa kazi. Meli ikitoka hapa ina pailoti wetu juu, mtu wa bandari wa kuiongoza njia, yuko briji pamoja na kepteni, maana mlango wa bahari wa Kilindini una miamba pande zote na una kona, mgeni hapitishi peke yake. Ikishafika nje pailoti lazima ashuke arudi kwa boti yake. Sasa meli ile ni ndefu kwenda juu kama jengo, huwezi kumteremsha mtu kwa ngazi ya kamba kutoka juu kule, sheria inasema ikipita mita 9 ngazi ya kamba peke yake haitoshi. Ndiyo maana ile meli ina mlango ubavuni karibu na maji. Mabaharia wa deki wanatangulia kuufungua, wanaipanga ngazi, wanakagua kamba na vipago kimoja kimoja, ofisa anasimama kusimamia. Aliyekuwa mlangoni alikuwa anangoja kumshusha mtu wetu salama.

Hakupunga mkono kwa sababu mmoja ulikuwa umeshika meli. Ndivyo tunavyofundishwa, mkono mmoja wako, mkono mmoja wa meli.

Filamu ninazozipenda mimi ni zile zinazoonyesha kufunga kamba gatini. Ni chache. Meli ile ubavu wake ni tanga, kaskazi ikivuma inasukumwa kama karatasi, hata hizo mpya zenye mota za pembeni huko omo na rafadha za kuzunguka, upepo ukizidi utaziona zinaita tagi. Na kamba iliyokazwa ikikatika inaua, haina sauti ya kukuonya. Kwenye filamu unaona kepteni anasogeza kijiti kidogo kwa vidole viwili na meli inalala gatini, unafikiri ni yeye tu. Kuna watu omo na watu tezi, na watu wa gatini, kila mmoja anatazama kamba yake na mguu wake ulipo.

fundi_friji_Likoni

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili, na mara ya pili nimesimama. Kwa hivo alikuwa anamngoja pailoti wetu. Allah akuzidishie umri.

mtoto_wa_Majengo

Mzee shikamoo, umenikumbusha kitu na sikuwa nimepanga kukisema.

Kontrakti yangu ya pili meli yetu ilipangiwa Mombasa, siku moja tu. Wiki nzima sikulala. Sasa bandarini lazima wafanyakazi kadhaa wabaki melini kwa ajili ya dharura, kuna zamu, na karatasi ilipobandikwa kwenye korido jina langu limo. Mombasa. Jina langu limo. Nikakaa kwenye ngazi za chuma nikalia. Jamaa mmoja mfilipino tulikuwa tunalisha naye mashini ile ya pasi, akaja akaniuliza nini, nikamwambia mamangu yuko dakika kumi kutoka hapa. Akaenda kwa suparvaiza akabadilisha zamu, akabaki yeye, na yeye alikuwa anataka kwenda kuona ndovu, alikuwa ameweka pesa ya safari ile tangu Dubai.

Nilishuka saa tatu asubuhi nikachukua bodaboda. Mama alikuwa hajui, mlango ulikuwa wazi, yuko uani anakuna nazi. Nilirudi saa tisa nimembebea yule jamaa wali wa nazi na samaki wa kupaka kwenye bakuli ya plastiki, akala amesimama pale korido watu wanampita na matroli.

nyali_beach_kid

Nimemsomea mama yote. Anauliza bakuli lilirudi?

mtoto_wa_Majengo

Mwambie halikurudi. Jamaa aliliomba, akawa anaweka sabuni zake.

kadeti_wa_injini

Kaka fundi, msimu ukifunguka tena ukipata siku twende pale Lighthouse ufukweni jioni meli ikitoka, nina darubini ya kuazima. Ule mlango utaonekana vizuri kuliko ferini, na ukibahatika utaona boti ya pailoti inakaribia na ngazi inashushwa.

fundi_friji_Likoni

Nakuja. Na mzee wa tagi akiwa na nafasi mjukuu amlete, mihogo na madafu juu yangu.